Alama Bila Maneno



Tuanze na hesabu. Tuseme mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata amepangiwa mikondo mitatu ya kidato cha pili, na kila mkondo una wanafunzi 60. Ametoa insha moja tu, ya ukurasa mmoja na nusu. Kuisoma insha hiyo kwa haki, kuonyesha makosa na kuandika mistari miwili ya ushauri hakupungui dakika 5. Wanafunzi 180 mara dakika 5 ni dakika 900. Hizo ni saa 15 kwa insha moja, achilia mbali vipindi, zamu, andalio la somo, na shamba lake mwenyewe la mahindi linalomsubiri.

Kinachotokea mnakijua ninyi wazazi, maana madaftari ya watoto yanafika nyumbani kwenu. Vema, vema, mkwaju mwekundu pembeni, 12 kwa 20, sahihi na tarehe. Mtoto anafungua, anaangalia namba, anamwonyesha jirani, anafunga. Kwa nini 12? Nane zilizopotea zimepotelea wapi? Hakuna aliyemwambia. Wiki ijayo ataandika insha nyingine yenye makosa yale yale na atapata 12 nyingine.

Simlaumu mwalimu. Tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia darasani. Lilikuwa jambo jema na linabaki kuwa jema. Lakini madarasa yamejaa, na mikono ya kusahihisha haikuongezeka kwa kasi hiyo. Kilichokatwa, bila mtu yeyote kukaa kikao akaamua, ni maneno. Namba imebaki, maneno yameondoka.

Sasa kuna kitu kipya kimeingia kwenye simu za walimu wetu. ChatGPT, programu ya akili mnemba, ilifunguliwa kwa watu wote Novemba 2022, ikafuatwa na nyingine kama Gemini ya Google. Unaiandikia, inakujibu, hata kwa Kiswahili. Walimu walianza kuitumia kuandaa masomo na kutunga maswali. Leo wapo wanaoitumia kusahihisha: unapiga picha ukurasa wa daftari, unaituma, unauliza mtoto amepata ngapi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili msiusubiri hadi mwisho. Akili mnemba isipewe kazi ya kutoa alama. Ipewe kazi ya kumsaidia mwalimu arudishe maneno kwenye daftari la mtoto. Hizi ni kazi mbili tofauti, na naona wengi wanakimbilia ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana rahisi.

Wakati wa msimu wa kahawa nilikaa na mwalimu mmoja Igamba, hapa mkoani Songwe, mama ambaye wanafunzi wake wanamwita Madam kama ilivyo desturi. Jina lake nalihifadhi. Juu ya meza kulikuwa na rundo la madaftari na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Alisogeza daftari hadi dirishani apate mwanga, akafunika jina la mwanafunzi kwa kipande cha karatasi, akapiga picha. Ukurasa wa kwanza mashine ikausoma vibaya kwa sababu wino ulivuja. Akairudia kwa kuandika insha ile kwa vidole, neno kwa neno, na nilipomwona anafanya hivyo nikajua kuwa huyu hatafuti njia ya kukwepa kazi.

Insha ilihusu shughuli za nyumbani. Mwanafunzi alikuwa ameandika: kahawa ikiiva mama anatuamsha bado giza, tunachuma mpaka vidole vinanata, halafu naenda shule na daftari linanata pia.

Mashine ikamsifu. Kisha ikashauri sentensi hiyo iboreshwe iwe hivi: katika msimu wa mavuno, familia yetu hushirikiana kwa bidii katika shughuli za uchumaji wa kahawa, jambo linaloimarisha umoja na upendo.

Naomba msikilizaji uzirudie hizo mbili kichwani. Ya pili haina kosa hata moja la sarufi. Ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, popote, ambaye hajawahi kugusa tunda la kahawa lililoiva. Ya kwanza imeandikwa na mtoto mwenye macho, anayejua kuwa utomvu wa kahawa hauishii shambani, unamfuata hadi kwenye dawati. Mwalimu mzuri angeweka mstari chini ya sentensi hiyo na kuandika pembeni: hapa nimekuona, endelea hivi hivi. Mashine ikataka kuifuta. Wala haikufanya hivyo kwa ubaya. Imefunzwa kwa bahari ya maandishi, ikajifunza kuandika kama wengi wanavyoandika, na ukiiomba irekebishe itamvuta kila mtoto aelekee huko huko katikati. Ikifanya hivyo kwa watoto 180, mwalimu atapokea insha 180 safi zinazofanana.

Madam akaiomba alama. Ikatoa 16 kwa 20. Akafungua mazungumzo mapya, akaibandika insha ile ile bila kubadili hata herufi. Ikatoa 13, na mara zote mbili ilieleza sababu kwa uhakika kabisa, kwa lugha ya adabu.

Lakini subirini, kwa sababu kuna upande mwingine na nisipousema nitakuwa sijatenda haki. Mashine hiyo hiyo iliona kuwa mtoto anaandika "ana" anapomaanisha "hana", na kwamba "kwa sababu" anaiunganisha kila mara kuwa neno moja. Madam akachukua insha kadhaa zaidi, akaiambia isitoe alama wala isiandike upya chochote, ihesabu tu makosa gani yanajirudia. Jibu likaja: "h" inayodondoka, maneno yanayounganishwa, na aya inayoanza bila kituo kutangulia. Akazirudia insha kwa macho yake, akakubali makosa mawili, la tatu akalikataa kwa sababu halikuwemo kwa kiasi kile. Tayari alikuwa na somo la kesho yake kwa darasa zima, somo lililotokana na kalamu za wanafunzi wenyewe. Muda aliouokoa akautumia kuandika maoni kwa mkono wake kwenye madaftari ya wale waliokuwa wanazama.

Hiyo ndiyo kazi ninayoitetea.

Tena tusijidanganye kuwa mashine kumhukumu mtoto wetu ni jambo lililoanza juzi. Mwaka 2012, Igamba ikiwa bado mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijazaliwa, Baraza la Mitihani lilianza kusahihisha mtihani wa darasa la saba kwa mashine inayosoma vivuli vya penseli. Mtoto anachagua jibu, anatia kivuli, mashine inapita. Ilileta kasi na ilipunguza makosa ya kujumlisha alama, hilo halina ubishi. Ila walimu waliofundisha miaka ile wanakumbuka jinsi darasa lilivyoufuata mtihani. Ukishajua kuwa hakuna mtu atakayesoma sentensi ya mtoto, unampa mazoezi ya sentensi ya nini? Baadaye yalirudishwa maswali machache ya kuandika majibu kwa mkono, na nadhani ilikuwa lazima.

Mwaka uliofuata ukatupa funzo jingine. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume. Mwezi Mei serikali ikaliambia Bunge kuwa matokeo yale yanafutwa na yatapangwa upya kwa utaratibu wa viwango uliotumika mwaka wa nyuma yake. Karatasi zilikuwa zile zile, majibu ya watoto yale yale, lakini waliokuwa wameanguka wengine wakawa wamefaulu.

Nilivyolielewa jambo lile ni kwamba alama ni uamuzi wa watu. Haiokotwi chini kama jiwe. Watu wanakaa, wanakubaliana kuwa hapa ni A na hapa ni F, na wakikosea wanaweza kuitwa wajieleze. Mwaka 2013 waliitwa. Waingereza nao Agosti 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona, waliiachia kanuni ya kompyuta irekebishe alama zilizokadiriwa na walimu. Karibu asilimia 40 ya alama zilishushwa. Wanafunzi wakaingia barabarani, na tarehe 17 ya mwezi huo serikali ikarudi kwenye makadirio ya walimu. Mzazi wa Igamba atamwita nani, mashine ikimpa mtoto wake 13 leo na 16 kesho?

Swali hilo lina uzito kwetu kwa sababu kidato cha nne hakihukumiwi kwa mtihani wa mwisho peke yake. Wazo lilianzia kwenye Azimio la Musoma la Novemba 1974: mtoto asipimwe kwa siku chache za mtihani tu, kazi yake ya kila siku nayo ihesabiwe. Siku hizi alama za maendeleo ya shuleni zinachangia asilimia 30 ya matokeo. Kwa hiyo alama ya zoezi la shuleni si mchezo, inakwenda mbali. Kama imetolewa na simu usiku mwalimu akiwa anasinzia, basi sehemu ya cheti cha mtoto imetolewa na kitu ambacho hakijui hata kama mtoto huyo yupo.

Sasa niwape utafiti ambao natamani ubandikwe kwenye kila ofisi ya walimu. Mwaka 1988 Ruth Butler, mtafiti wa Israeli, aliwagawa wanafunzi wa shule makundi matatu. Kundi moja lilirudishiwa kazi likiwa na alama tu. La pili likapewa maoni tu, bila alama. La tatu likapewa vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi baadaye. Na wale waliopewa alama pamoja na maoni? Hawakupata faida ya maoni. Macho yao yalikwenda kwenye namba, na maneno yakawa kama hayakuandikwa. Miaka 10 baadaye Paul Black na Dylan Wiliam wa Chuo cha King's, London, walipitia tafiti nyingi za aina hiyo, wakasisitiza jambo lile lile: mtoto anasonga mbele anapoambiwa yuko wapi, anatakiwa afike wapi, na afanye nini ili afike, halafu akapewa nafasi ya kufanya.

Kwa hiyo kile tunachokikimbilia kwa mashine, namba ya haraka, ndicho chenye faida ndogo kuliko vyote kwa mtoto anayejifunza. Na kile kinachomfaa, maneno, ndicho ambacho mashine ikiongozwa na mwalimu inaweza kusaidia kukirudisha. Mwalimu anaweza kuiambia: huyu ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, nyumbani kwao wanaongea Kinyiha, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, mweleze kosa moja tu kwa Kiswahili chepesi, muulize swali moja, usimwandikie jibu.

Hapo kwenye lugha nitakaa kidogo, kwa sababu naona faida kubwa. Mtoto wetu anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, Januari anaingia kidato cha kwanza, ghafla masomo kama Fizikia na Jiografia ni Kiingereza. Anaandika: Yesterday I am go to market Mlowo. Mwalimu anachora mstari mwekundu na kuandika neno moja la Kiingereza linalosema kuna kosa la wakati. Mtoto hajui hata hilo neno maana yake nini. Amesahihishwa kwa lugha ambayo ndiyo anayoikosea! Mashine inaweza kumwandalia mwalimu maelezo mafupi ya Kiswahili: ulichosema kilitokea jana, kitendo kimekwisha, Kiingereza hubadili kitenzi kuonyesha hivyo, hebu jaribu tena sentensi hii. Mwalimu anayasoma, anayanyoosha, anayapeleka. Hata kwenye Fizikia, ambako mara nyingi mtoto ameelewa dhana ila ameshindwa kuisema, maelezo ya namna hiyo yanaweza kumwokoa.

Jambo jingine ni la hatari na nalisema kwa nguvu. Wapo walimu wanaoiuliza mashine: hii kazi ameandika mtoto, au ameandikiwa na mashine? Naomba waache. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu programu saba zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Wakazipa insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu kwa mikono yao, ziliambiwa kuwa ni za mashine. Sababu ni kwamba mtu anayejifunza lugha anatumia maneno machache na sentensi za kawaida, na programu zile zinauchukulia uchache huo kuwa alama ya mashine. Fikiria mtoto wa kidato cha tatu Igamba, ameumia na kamusi usiku kucha, asubuhi anaitwa mwizi mbele ya wenzake. Mwalimu akiwa na shaka, amwite mtoto, amwambie: hebu nieleze hapa ulitaka kusema nini. Dakika 2 zinatosha, na hakuna programu itakayompa jibu bora kuliko hilo.

Kuhusu majina na picha za madaftari nitakuwa mfupi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume inayoisimamia. Kazi ya mtoto yenye jina lake, shule yake na pengine habari za nyumbani kwao haipaswi kurushwa kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo bila kufikiri. Insha za watoto zina siri nyingi. Mtoto anaandika baba amelewa, mtoto anaandika njaa. Kile kipande cha karatasi cha Madam wa Igamba, kilichofunika jina, kiwe kanuni ya kila shule, na insha yenye jambo zito la nyumbani isipigwe picha kabisa.

Kisha kuna bando. Simu ni ya mwalimu, bando ni la mwalimu, na kioo kilichopasuka kitatengenezwa kwa mshahara wa mwalimu. Halmashauri zikitaka walimu watumie vifaa hivi, ziwalipie. Zisipofanya hivyo, shule za mjini Tunduma na Vwawa zenye mtandao mzuri na wazazi wenye uwezo zitatangulia, na shule za vijijini zitabaki na vema na mkwaju. Mafunzo ya walimu kazini yanayofanyika shuleni, yale ya MEWAKA, yangefaa yatenge vipindi vya jambo hili. Walimu wakae pamoja, walete insha halisi za wanafunzi wao, waijaribu mashine mbele ya wenzao, waone inapopatia na inapokosea. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unadai umahiri, yaani mtoto aonyeshe anachoweza kufanya. Umahiri wa kuandika hauwezi kuonekana kwa mtoto ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kuandika mara ya pili.

Na hapa ndipo ninapowaachia kazi ninyi wazazi. Vikao vya wazazi vinakuja, na huwa tunaulizana michango ya chakula, uzio na madawati. Safari hii msimame muulize jambo jingine. Mkuu wa shule, mtoto wangu ameandika insha ngapi mwaka huu? Kati ya hizo, ngapi alirudishiwa zikiwa na maneno, akaziandika upya? Na hayo maneno, kabla ya kumfikia, ni mwalimu gani aliyeyasoma?